Kikohozi cha Vumbi

Sehemu ya Tisa

"Hodi."

Neno hilo ndilo lililotuacha na Fundi wiki iliyopita, amesimama katikati ya chumba chake cha kupanga, kijiko mkononi.

Kwa uliyejiunga nasi leo, Fundi ni binti wa miaka thelathini na mmoja. Nyumbani walimpa jina hilo tangu alipokuwa akiwashonea wanasesere magauni. Huku ugenini anarekebisha mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari kwenye kiwanda cha kufulia nguo, na wenzake wanamwita Meza ya Nne, kwa sababu hapo ndipo anapokaa. Alhamisi alikwenda kupimwa afya ili ombi lake la ukaazi wa kudumu likamilike. Swali la kumi na moja lilimuuliza kama amewahi kuugua kifua kikuu. Akaweka alama kwenye Hapana. Tangu hapo chakula hakimpiti.

Na sasa, Jumapili mchana, kuna mtu mlangoni.

Mlango ule ulishagongwa na msoma mita, na mwenye nyumba, na walevi wawili waliokosea ghorofa. Kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kubisha hodi.

"Karibu," Fundi alijibu kabla hajafikiri. Neno lilitoka limeota kutu.

Aliyeingia ni mama wa makamo, koti la mvua la kijivu limefungwa mpaka kidevuni, miguuni viatu vyeupe vya hospitali. Fundi hakuwa amemwona maishani mwake.

"Funga mlango, mdogo wangu. Sina muda."

"Wewe ni nani?"

"Hilo liache. Anwani yako niliiona kwenye faili. Alhamisi ulivua mkufu, ukasimama mbele ya mashine. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo. Ndiye niliyekwambia vuta pumzi, shikilia, achia."

Fundi aliikumbuka sauti. Lakini siku ile ilisema kwa lugha ya wenyeji.

"Umejuaje kama mimi..."

"Kifua kilipogusa kile kibao ukanong'ona, 'Mama wee, hiki chuma kililala nje?'" Mgeni alitabasamu kidogo. "Nilijing'ata mdomo nisicheke. Miaka sita napiga eksirei mle ndani, sijamsikia mtu akilalamika kwa Kiswahili."

Chumba kilikuwa na kiti kimoja. Fundi akampa mgeni, yeye akakaa kitandani.

"Picha yako ina kovu," mpiga eksirei alisema. "Juu ya pafu la kulia, ukubwa wa kidole gumba. Fomu yako ina alama kwenye Hapana. Daktari anazisoma zote mbili kesho asubuhi."

"Nilikuwa na kikohozi cha vumbi."

Ndivyo alivyofundishwa kusema. Mama yake aliwaambia majirani hivyo, na mashangazi, na mwalimu mkuu, mpaka hata Fundi mwenyewe akawa anaona vumbi akilitaja.

"Ulimeza vidonge miezi mingapi?"

"Sita."

"Mkojo ulikuwaje?"

Fundi alijikuta anacheka. "Mwekundu kama chai ya rangi. Siku ya kwanza nililia, nikajua nakufa."

"Basi halikuwa vumbi."

"Najua."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Alilisema akitazama sakafu, na sakafu haikufunguka.

"Nisikilize, mdogo wangu. Kovu si kosa. Ulitibiwa, ukapona, imekwisha. Wenye makovu kama lako wanapata ukaazi kila mwezi, mimi nawaona. Wanaorudishwa ni wale walioandika Hapana. Kesho kabla daktari hajaandika barua yake, nenda mwenyewe ukasahihishe. Kadi ya kliniki unayo?"

"Ipo nyumbani. Ila ina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Imeandikwa jina la dada yangu."

Mpiga eksirei aliweka begi lake chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa safari bado ndefu.

Fundi akaeleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoanza kutema damu, hajaolewa, hana kazi. Mama yao akapiga hesabu za mama. Dada mkubwa ameshaolewa, ana nyumba yake, ugonjwa utamharibia nini? Basi alipofika dirishani pa kliniki na karani akauliza jina la mgonjwa, mama akataja la binti mkubwa. Miezi sita Fundi aliitwa kwa jina la dada yake, akaitika, akameza vidonge. Dada aliambiwa, akakubali. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Kadi ilibaki kwa dada.

"Mama zetu," mpiga eksirei alisema, akatikisa kichwa. Haikujulikana kama anamlaumu marehemu au anamheshimu. "Mpigie dada yako leo. Akutumie picha ya kadi na barua, aseme aliyeugua ni wewe."

Akainuka. Kisha akamshika Fundi mkono.

"Na mimi sikuja hapa. Kazi yangu hainiruhusu kumwambia mtu picha yake ina nini, na kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye kazi hiyo hiyo. Hutamwambia mtu kwamba nilikuja. Tukikutana kule hunijui. Husalimii, hutazami. Umenielewa?"

"Naahidi."

"Hata ukibanwa?"

"Hata nikibanwa, dada."

Ilitosha. Angeweza kuondoka. Lakini alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kwa aibu kama kuna chai.

Kulikuwa na kikombe kimoja, akapewa yeye. Alikunywa polepole. Hawakuongea tena habari za mapafu. Waliongea jinsi mvua ya huku inavyonyesha bila kelele, na jinsi mtu anavyoweza kukaa wiki nzima bila kuitwa jina lake. Waliongea kuhusu ndoto, kwamba mpiga eksirei sasa huota kwa lugha ya wenyeji na akiamka huwa ana hasira nusu siku. Walicheka mambo ambayo hayachekeshi.

"Umenikoroga," alisema mwishowe, akifunga vifungo vya koti. "Nilikuwa nimeshazoea."

Akaondoka. Fundi alisikiliza hatua zake zikishuka ngazi za ghorofa zote nne. Rafiki wa kwanza aliyempata katika mji ule, na wamekubaliana wasijuane.

Kikombe hakukiosha. Alichukua simu.

Dada aliipokea kwa vishindo. "Huyu ni nani anayenipigia? Ni yule mtu wa ng'ambo aliyesahau watu?"

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, malkia. Umekonda?"

"Dada, ile kadi ya kliniki ipo?"

Kelele zote upande wa pili zikakatika. Mlango ulifungwa. Dada alirudi na sauti nyingine.

"Unaitakia nini kadi yangu?"

Yangu, alisema. Fundi akaeleza kwa haraka, akijikwaa, fomu, picha, kovu. Alimruka yule aliyemletea habari. Akamaliza na ombi.

"Nataka uandike barua, dada. Useme aliyeugua ni mimi, siyo wewe."

Dada alicheka. Alicheka muda mrefu, kicheko cha peke yake.

"Unajua mama mkwe wangu ananipa chai kwenye kikombe gani?"

"Nitajuaje?"

"Kina uzi mwekundu kwenye mkono. Aliufunga mwenyewe, ili mtu mwingine asikosee akakinywea. Mmoja wa manesi wa pale kliniki ni mtu wa kanisani kwao. Aliona jina langu kwenye daftari. Miaka kumi na miwili, Fundi. Uzi ukichakaa anafunga mwingine."

Msomaji, Fundi alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Aliteleza mpaka chini akakaa sakafuni, simu sikioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwanza ulikuwa unapona, halafu ukawa unasoma, halafu ukawa unasafiri. Na mama nilimwahidi."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako ni kichaa. Kila asubuhi anachukua kikombe changu, anakinywea mbele ya mama yake, anakirudisha. Hasemi kitu. Unadhani kwa nini bado niko kwenye nyumba hii?"

Wote wawili wakalia. Dada akawa wa kwanza kupenga kamasi.

"Nimekubebea kikohozi chako mpaka mgongo umepinda. Haya, nitakitua. Barua naandika sasa hivi. Lakini nikimaliza naisoma hapa sebuleni, kwa sauti, watu wote wakiwa wamekaa. Ndipo nikutumie."

"Dada, usije ukagombana na watu."

"Wewe kaa na mapafu yako."

Saa mbili zilipita. Fundi aliosha kikombe, akakiosha tena. Jua lilikuwa linagusa paa la jengo la mbele simu ilipolia mara mbili. Picha ya kwanza ilikuwa kadi, imekunjamana, mhuri wa kliniki unasomeka, na chini yake neno moja la kalamu ya bluu, Amepona. Ya pili ilikuwa barua.

Ilikuwa na sahihi tatu. Ya dada, ndefu, yenye mikia. Ya shemeji. Ya tatu ilitetemeka, kila herufi imesimama peke yake.

Chini dada alikuwa ameongeza ujumbe. "Ya tatu ni ya mama mkwe. Aliomba kalamu mwenyewe. Hajasema neno mpaka sasa, amekaa tu anakitazama kile kikombe."

Jumatatu Fundi alimwomba msimamizi ruhusa ya asubuhi, akapita duka la kuchapisha, akatoa karatasi mbili, akazitia kwenye bahasha. Njiani alijiwekea nadhiri. Kuanzia leo, hakuna kudanganya. Awe amepata au amekosa, uongo umekwisha.

Daktari aliyeidhinishwa kupima waombaji alikuwa mzee mwembamba, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Alimkaribisha Fundi bila kushangaa. Picha yake ilikuwa imetundikwa kwenye taa ya ukutani, upande wa pili wa kabati, kwa hiyo Fundi hakuiona kutoka kitini.

"Nimekuja kusahihisha jibu, daktari. Swali la kumi na moja. Niliandika hapana. Ukweli ni ndiyo."

Akaweka karatasi mezani. Kwa lugha ya wenyeji, ambayo siku zote ilimfanya ajisikie mtoto wa darasa la pili, alieleza kadi na jina na mama na dirisha la kliniki. Alitafsiri barua mstari kwa mstari. Daktari alibadilisha miwani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako alikuwa mtu jasiri," alisema. "Mkosaji, lakini jasiri."

"Ndiyo, daktari."

"Kiafya, sina neno. Umepona zamani. Na umekuja mwenyewe kabla sijakuita. Naandika kwamba mwombaji amesahihisha kwa hiari yake." Aliuvuta mhuri karibu, akafungua kifuniko cha wino. "Waombaji wengi hungoja barua yangu ndipo wakumbuke."

Kitu kizito kilimshuka Fundi mabegani. Angeweza kumkumbatia yule mzee na miwani yake yote. Furaha ikamfungua mdomo.

"Ahsante sana, daktari. Nilikuwa na hofu sana na lile kovu la pafu la kulia."

Mhuri uliganda hewani.

Daktari aliurudisha juu ya meza, pembeni ya karatasi. Akageuka akaitazama picha ukutani, kisha akamgeukia Fundi.

"Nani amekwambia ni la kulia?"

Fundi aliikunja bahasha yake tupu.

"Picha hii nimeitundika robo saa iliyopita. Sijakuonyesha. Kadi yako haitaji upande. Nani amekwambia?"

Masikio ya Fundi yalikuwa yanavuma kama mashine za kukausha kule kazini. Uongo tayari ulikuwa umejipanga mdomoni. Nilihisi. Niliota. Daktari wa nyumbani alisema. Wowote ungefaa kujaribiwa, na nadhiri yake haikuwa hata na saa moja.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

Daktari alivua miwani yote miwili. Bila miwani alionekana mzee zaidi, na amechoka, na si mtu mbaya.

"Bibi, ofisi hii ina watu wanne. Mimi, karani, wa maabara na mpiga eksirei. Mmoja ametoa siri ya faili. Leo kwako kwa wema, kesho kwa mwingine kwa hongo. Lazima nimjue. Nitajie, naandika wewe huna hatia, na mhuri huu hapa. Unaondoka na cheti chako."

"Na yeye?"

"Yeye ataondoka pia."

Kwa ndani, Fundi alikuwa anahesabu. Miaka mitatu. Mashuka mangapi, vifungo vingapi. Chumba chenye kiti kimoja, ambacho alikuwa amekusudia kukiongezea cha pili akipata karatasi zake. Dada aliyesimama sebuleni jana akasoma kwa sauti. Wote wale walikuwa wanangoja ule mhuri ushuke inchi mbili tu.

"Usiponitajia," daktari aliendelea taratibu, "naandika kwamba umepewa taarifa kwa siri na umekataa kumtaja aliyekupa. Faili inakwenda kwenye kamati. Kamati inakaa tarehe ishirini na tatu mwezi ujao. Kibali chako cha kazi kinaisha lini?"

"Tarehe tisa."

"Basi utaisubiri ukiwa nje ya nchi. Na kutoka nje, wanaorudi ni wachache. Sikutishi. Nataka ujue unachokichagua."

"Nimeelewa, daktari."

"Nani?"

Fundi alikusanya mikono yake mapajani.

"Yangu yote nimekuambia. Ugonjwa wangu, kadi yangu, uongo wa nyumbani kwetu. Ukiniuliza lolote lingine linalonihusu nitajibu. Hilo si langu."

Daktari alirudisha miwani mmoja usoni. Kisha akafunga kifuniko cha wino, akachukua kalamu, akaandika mistari minne. Fundi alizisoma herufi zikiwa juu chini. Amekataa kujibu.

"Nitakusindikiza," daktari alisema, akainuka.

Hakuwa na desturi ya kumsindikiza mtu. Fundi alilielewa hilo mara tu mlango ulipofunguliwa. Mzee alitoka nyuma yake na faili kifuani, akasimama kizingitini, miwani ikiwa usoni. Macho yake hayakuwa kwa Fundi peke yake. Yalikuwa kwa kila atakayemtazama Fundi, na kila ambaye Fundi atamtazama.

Korido ilikuwa ndefu, nyeupe, inanuka dawa ya kusafishia. Karani alikuwa mezani kwake. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, mtu akipiga miluzi ndani.

Na kutoka upande wa pili alikuja mama wa makamo, viatu vyeupe, bahasha kubwa za picha mikononi.

Alimwona Fundi. Alimwona daktari nyuma yake, na faili. Bahasha zikamlegea mkononi, akazikumbatia. Macho yake yakauliza swali ambalo mdomo haukuthubutu. Imekuwaje?

Hatua sita zilibaki kati yao. Tano. Siku zote zilizobaki za wiki zingepita pale Meza ya Nne bila mtu kumwita jina, na hapa, hatua nne mbele, kulikuwa na mtu mmoja katika mji mzima ambaye angeweza kumwambia pole na pole ile ikamfika. Neno dada lilimjaa Fundi mdomoni.

Akalimeza. Akainua macho, akayaweka kwenye saa ya ukutani, juu ya kichwa cha mpiga eksirei, kama mtu anayewahi kazini. Mabega yao yaligusana kidogo, korido ilikuwa nyembamba.

"Samahani," Fundi alisema kwa lugha ya wenyeji, kwa sauti ya mtu kwa mtu asiyemjua, akapita.

Nyuma yake hakusikia mlango wa daktari ukifungwa; mzee alikuwa bado amesimama. Hakugeuka.